Kikaratasi cha Njano

Jumanne jioni

Halafu mimi ndiye mkorofi! Leo ofisini tulikuwa na mafunzo ya kazi, na mkufunzi mwenyewe ndiye aliyetugawia vikaratasi vya njano, akasema tubandike popote tunapoona upotevu: kusubiri bure, kurudia kazi, faili kuzunguka bila sababu. Nikabandika changu kwenye meza ya bosi. Mafaili ya viwanja yanalala pale wiki nzima yakisubiri saini anayoitia bila hata kusoma.

Bosi akacheka, akakibandua, akaja kukibandika kwenye meza yangu ya masjala. "Upotevu unaanzia hapa, mama." Wenzangu wakapiga makofi. Hata Tumaini, ninayekula naye kila mchana.

Saa kumi, mafunzo yalipoisha tukafungua mlango wa ofisi, mzee mmoja kutoka Milepa alikuwa bado kwenye benchi tangu asubuhi, kwa ajili ya saini hiyohiyo. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba tulikuwa tunajifunza kutowasubirisha watu.

"Sawa, mwanangu," akasema, akifunga vifungo vya koti. "Sasa nirudi lini?"

Nikamwambia Ijumaa.

Nimefika nyumbani, nimeshavua viatu, ndipo nakumbuka. Ijumaa tunafunga ofisi tena. Mafunzo, sehemu ya pili.