Siku Mama Alipogeuka Mlangoni

Mtaa wa Pioneer,
Eldoret.
10 Juni 2024

Mpendwa Dada Perez,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya Eldoret. Waendeleaje huko Doha na lile joto? Mgongo umepona? Sisi tunapumua, ila mimi nina hasira, na wa kumwambia ni wewe.

Alhamisi iliyopita wauguzi wote wa kliniki yetu tulipelekwa semina hotelini. Tukafundishwa kuheshimu mila za wagonjwa. Mwezeshaji alikuwa na picha ukutani: Wakalenjin wako hivi, Waluhya hivi, sisi Wajaluo hivi. Nilipoinua mkono niulize nani amebaki kazini, niliambiwa nisubiri wakati wa maswali. Wakati wa maswali tukapewa chai.

Waliobaki ni mumeo, daktari wetu wa pekee, na Jebet wa mapokezi. Na siku hiyo ndiyo Mama alishuka kutoka kwa kaka yetu Ondiek kule Kaptagat, bila kumwambia mtu, kwa sababu ya uvimbe kwenye titi.

Jebet ndiye aliyenisimulia. Shemeji Okeyo alipomwona mama mkwe wake kwenye benchi, alitoka kwa mlango wa nyuma akasimama kando ya tangi la maji, kwa heshima. Mama naye alishamwona, akatoka kwa mlango wa mbele, kwa heshima. Kila mmoja alimkimbia mwenzake, na mgonjwa akarudi nyumbani bila kuguswa. Mumeo anaona haya mpaka leo, usimgombeze sana.

Jana nilipanda Kaptagat. Nilimlaumu Mama kwa kutonipigia simu, akanijibu:

"Nimvulie blauzi mume wa Perez? Afadhali nikae na huo uvimbe."

Nimeushika huo uvimbe, dada. Ni mgumu, na umekaa siku nyingi. Naogopa, sikufichi.

Nimempata daktari mwanamke hospitali kubwa, lakini anaona wagonjwa Alhamisi pekee. Mama amekubali, mradi niingie naye ndani. Na Alhamisi hii ndiyo semina sehemu ya pili. Mkubwa wetu amesema asiyefika hatapata cheti cha kuelewa mila za watu.

Nisalimie binamu Linet na wote mnaoishi nao. Ondiek na watoto wanakusalimu. Mungu akufunike huko ugenini, nawe umtaje Mama kila unapopiga magoti.

Hicho cheti wakae nacho. Alhamisi nitakuwa nimemshikia Mama blauzi.

Mdogo wako akupendaye,
Adoyo