Vipande vya mwegea

Alhamisi, watoto wamelala.

Na hata kumkasirikia nimeshindwa. Baba Neema alidhani ananisaidia.

Wiki nzima nililalamika kwamba vipande vya tunda la mwegea vinaacha nyuzi kwenye pipa, wateja wanakunywa pombe yangu ya boha huku wanatema. Basi jana akavitoa, akavichemsha, akavianika. "Mama Neema, uchafu wote umekwisha. Utadhani vya dukani."

Vile vipande ndivyo vinavyochachusha maji ya miwa. Mama alivitumia miaka yote, akaniachia alipokuwa mgonjwa. Havichemshwi, chachu inakufa. Vinasuuzwa tu, vinarudi pipani.

Nilimwambia asiguse tena pipa langu bila kuniuliza. Uso ukamshuka. Nikampakulia ugali, nikamwongezea samaki.

Leo asubuhi nilivitumbukiza hivyohivyo. Mpaka magharibi, pipa kimya, hata povu hakuna. Jirani atanipa vyake nikimwomba, boha itachacha, lakini vya mama...

Boha ikianza kutokota huwa namwambia Neema ni bibi yake anapiga soga. Jioni nikiwa namlaza akalitegea pipa sikio.

"Mama, bibi amelala?"

Nikamwambia na yeye alale.