Mikula ya Mama

Jumanne, Kolwezi

Leo nilienda Mutshatsha kumuona Mama, nikakuta miti yote ya mikula nyuma ya nyumba yake imekatwa. Visiki vilikuwa vinatoa utomvu mwekundu kama damu.

"Mama, nani aliiba miti yetu?"

"Hakuna mwizi, mwanangu. Ni mi niliuzisha. Bale batu ba mbao balitaka kukata ile ya ku makaburi. Nikabaambia, mukamate ya hapa, mumuache bwana yangu alale."

Miguu ya Mama haimfikishi tena makaburini. Mi nilifika. Hakuna hata mti mmoja uliobaki, na kamiyo yao ya kubeba magogo imepita juu ya kaburi la Baba.

Niliporudi, Mama aliniuliza kama miti iko. Nikasema iko. Akamshukuru Mungu.