Sifuri ya Vitunguu Saumu

Manila, 3 Oktoba

Kwa kaka yangu, Manong Delfin,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Manang Petra na watoto. Goti la mama yetu, Nana, linaendeleaje? Dawa ya kuchua nimeshainunua, nitampa dereva wa basi la Ijumaa. Mimi mzima wa mwili, ila si wa moyo.

Barua yako nimeipata. Unasema mbunge wetu ameapa kuwa Jumanne muswada utapita, vitunguu saumu vya nje vizuiwe kila msimu wa mavuno, nawe safari hii utapanda hata lile shamba la mpunga. Uliposema utamvalisha nyati wako wa kulimia kofia mpya, nilicheka peke yangu ofisini. Kaka, kicheko kimeniishia.

Jumatatu niliupeleka muswada huo kwa mwanasheria wetu hapa Wizara ya Kilimo, Bibi Salonga, nikidhani atasahihisha nukta na mikato tu. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza ni nani aliyewadanganya wabunge hawa. Akasema nchi yetu ilitia saini mkataba wa biashara wa kanda tangu Juni, na vitunguu saumu havimo katika orodha ya mazao tuliyoomba yalindwe. Wabunge wapige kura mpaka koo ziwakauke, alisema, sheria hiyo haimalizi mwaka. Majirani watatushtaki na tutaifuta kwa mkono wetu wenyewe. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote nimeamini sheria zetu zinatungwa bungeni. Kumbe bunge lilishafungwa mikono hotelini, ugenini, na watu ambao hawajawahi kumenya hata punje moja.

Nikauliza kwa nini vitunguu saumu viachwe. Akafungua faili. Mazao yalichaguliwa kwa takwimu za wilaya, na wilaya inayoongoza kwa vitunguu saumu nchi nzima ilikuwa imeandikiwa sifuri. Akaniuliza kwa utani, eti ninyi watu wa kaskazini mnalima hewa?

Sifuri ile naijua.

Fomu za takwimu hizo zilifika Februari, na kuziingiza kwenye kompyuta ilikuwa kazi yangu. Fomu ya wilaya yetu uliijaza wewe, mwenyekiti wa wakulima. Penye vitunguu saumu uliandika kwamba bado hamjapeleka msuko wa kwanza wa mavuno kanisani. Mimi nilielewa. Kwetu nani atahesabu mavuno kabla mtakatifu wa kijiji hajapata chake? Lakini kompyuta ilikataa maneno, ilitaka namba, na mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni ananihimiza. Niliona haya, Kaka. Niliona haya kuwaambia watu wa Manila kwamba kijiji chetu kinamngoja mtakatifu ndipo kihesabu. Nikaandika sifuri, nikijiambia nitairekebisha sikukuu ya mtakatifu ikipita. Sikukuu ikapita, vitumbua vya mchele mlivyoniletea nikavila vyote, nikasahau.

Aliyewadanganya ni mimi.

Usipande lile shamba la mpunga, nakusihi. Orodha haifunguliwi tena mpaka miaka mitano ipite. Mkuu wangu nimeshamwandikia yote. Akinifukuza, nitarudi nyumbani, mkinipokea.

Barua hii wasomee wakulima wote, na jina langu usilifiche. Nana mwambie mwisho, akishakula.

Nibusie mkono wake.

Mdogo wako,
Rosenda