Khitma Isiyo na Marehemu

Alkhamisi, 3 Agosti 1967

Nimekwenda. Nilipita mlango wa Mmanga mara mbili, mara ya tatu nikaingia. Chumba chake cha juu, hapa Malindi, kinanuka papa mkavu anaouza. Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na Damiani fundi viatu. Damiani aliwahi kuwa mpishi wa meli. Anasema bandari moja aliona walevi wakikutana kila wiki, wakaambizana kweli, basi wakaweza kukaa bila ya kunywa mpaka wiki ijayo. Ndiyo dawa yenyewe hiyo — maneno matupu!

Mmanga alisema lake. Zamu yangu ilipofika nikasema nina homa. Wakacheka. Leo siku ya nne sijanywa, hesabu nimezikosea mara mbili, hata karani mwenzangu ofisini kaniuliza.

Ijumaa, 4 Agosti

Mkutano wowote unataka ruhusa ya tawi la chama. Nani ataomba ruhusa ya walevi kukutana? Mmanga kapata hila: atakayeuliza aambiwe tunamsomea khitma marehemu mjomba wake. Mjomba mwenyewe yu hai, yuko Mkokotoni anauza pweza. Sikupenda. Lakini sikuwa na la kutoa badala yake.

Alkhamisi, 10 Agosti

Nimesema. Yote — tembo la Kiembe Samaki, halafu gongo, na Mwatum mke wangu anavyofukiza udi nyumba nzima nikirudi, harufu isitoke nje, akiwaambia majirani nina homa za vipindi. Miaka sita mtaa mzima unaniombea dua. Nililia, wala sikuona haya.

Mara hodi. Bi Wanu wa nyumba ya pili, kaja na ubani na sahani ya maandazi. Kasikia pana khitma, anaomba marehemu mumewe naye atajwe. Tufanyeje? Mmanga kasoma Yasini, sauti inamkatika. Damiani kainamisha kichwa. Mimi nikapokea sahani, nikagawa maandazi.

Jumatatu, 14 Agosti

Jana Mmanga kanisifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: leo nikajikuta Kiembe Samaki, naiona minazi ya yule mgema aliyekuwa akiniuzia. Nikageuka. Sijui nimegeukaje. Damiani alinikalisha dukani kwake mpaka magharibi, kanipa misumari nimshikie.

Jumamosi, 19 Agosti

Wamemchukua Damiani.

Bi Wanu, kwa moyo mweupe, kasimulia mtaani kuwa hata Damiani wa kanisani siku hizi anasoma khitma. Habari ikafika tawini. Mkristo, khitma, mlango umefungwa — basi hao wanapanga kuiangusha serikali! Mmanga kavuka kwenda kisiwani Tumbatu alfajiri bila ya kuaga. Mke wa Damiani kanijia, kanambia mumewe kaulizwa wenzake ni nani, kanyamaza.

Jina langu Bi Wanu hakulitaja, kwa hiyo mimi nimesalimika, nikinyamaza na mimi. Mwatum anataka ninyamaze. Watu wa posa ya Biasha, binti yetu, wanakuja Ijumaa. Nani ataoa kwa mlevi? Naogopa. Naogopa sana.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeshindwa kunyamaza. Nimekwenda tawini, nikamwambia mwenyekiti, Bwana Jecha: sisi ni walevi, tunakutana ili tusinywe. Hakuna jengine.

Kanisogezea kiti. "Wewe, Bwana Bakar? Wewe si unaumwa homa? Mke wangu mwenyewe alikuleteeni uji."

Nikamwambia homa ndiyo ulevi wenyewe.

"Nani kakuona umelewa?"

Nikahesabu watu kichwani. Sina mtu! Nilikuwa nanywa peke yangu, narudi kwa vichochoro. Kanipa mpaka kesho saa nne nilete shahidi. Nisipomleta, Damiani anapelekwa kwa wakubwa, na mimi nyuma yake. Laasiri nikamwendea mgema. Kaapa hajapata kuniona. Anauza bila ya ruhusa, simlaumu.

Jumatano, 23 Agosti

Shahidi ni mmoja tu. Nilimwambia Mwatum alfajiri. Akaendelea kukuna nazi mpaka ikabaki kifuu.

"Miaka sita nnakustiri," kasema. "Nshamdanganya mama yangu, nshaapa uongo. Leo unataka nikakuvue nguo mbele ya Jecha?"

Nikasema ndiyo.

"Na Biasha?"

Mwatum hakunisubiri. Kaingia chumbani, kafunga mlango. Hamu ya kunywa imenishika kuliko siku zote, ndiyo maana naandika. Kalamu ikiwa mkononi, mkono hauendi pengine.

Saa tatu na nusu. Biasha katoka ukumbini, kavaa buibui. Nilidhani anakwenda sokoni.

"Baba, twende. Mimi ntakuwa shahidi."

Nikamwambia yeye hajui kitu.

"Aliyekuwa akikufungulia mlango ni mimi," kasema. "Mama nilikuwa nnamwamsha baadaye, nshakuvua viatu."

Miaka sita nikidhani ni Mwatum. Biasha alikuwa na miaka kumi na mbili.

Mwatum katoka, kasikia yote. Kamshika Biasha mkono pale mlangoni. Hamvuti ndani wala hamwachii atoke, na wote wawili wananitazama mimi, niseme twende au tubaki. Saa nne kasorobo.