Kemi Hakuotea

Baba Byera, mzee wangu,

Mguu umepunguza kuuma? Ulisema mjukuu wetu Kemi asipofunga bao arudi kupalilia migomba, na najua ulizima redio kwa hasira mwamuzi alipolikataa bao lake. Basi sikia mwisho wake. Anaandika Kemi mwenyewe, nimemkataza kuruka neno.

Tulikuwa uwanjani Kirumba, jua kali, upepo wa ziwa unanuka dagaa. Kemi alipofunga, mshika kibendera akakiinua, jukwaa likalia, "Kaotea! Kaotea!" Mimi ninayemjua paka anavyootea panya nikasimama: "Mjukuu wangu hamwotei mtu! Amelelewa!" Mama aliyekaa jirani yangu akacheka hadi akamwaga karanga. "Kaa, bibi. Wanasema alimtangulia beki kabla ya kupasiwa mpira."

Mwamuzi akakimbilia runinga iliyowekwa kando ya uwanja. Mtambo ukachora mstari, kumbe mguu wa Kemi ulikuwa nyuma ya beki. Akarudi, akakubali bao mbele ya watu wote. Nimeishi na wanaume wengi wakaidi, sijaona anayekiri kosa upesi hivyo. Mungu akibariki kile chombo.

Migomba utaipalilia mwenyewe ukipona. Jioni tulikula sato, kichwa nikakila kwa niaba yako.

Kunywa dawa, washa redio. Nawe uliniotea kwenye njia ya kisimani nikiwa msichana, na namshukuru Mungu siku ile hapakuwa na mtambo.

Mkeo,
Mama Byera