Gari Lako Limeondoka, Kaka

Kaka Masanja,

Mama anakusalimu kila akipita kaburini kwako Sengerema, kwa hiyo salamu zake sizirudii. Nakuandikia kuhusu gari.

Unakumbuka siku ulipolileta nyumbani Buhongwa? Jekundu, milango miwili, limeinama kama linataka kukimbia hata likiwa limezimwa. Nilichungulia nikaona pedeli mbili, nikasema, "Kumbe ni otomatiki."

Ukacheka. "Nusu tu. Klachi linajikanyagia lenyewe, giya unabadilisha wewe."

Ukanionyesha vijiti viwili nyuma ya usukani, cha kulia kupandisha, cha kushoto kushusha. Nilipojaribu, vichwa vyetu vilirushwa mbele. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea, akauliza kutoka kibarazani, "Lina kwikwi?"

"Usiling'ang'anize," ulinifundisha. "Legeza mguu kwenye mafuta, vuta kijiti, kanyaga tena." Ukiendesha wewe, giya zilipita bila mtu kujua. Barabara ya Shinyanga asubuhi, dirisha wazi, unaimba vibaya. Nimeamua kubaki na sura yako hiyo, si ile ya wodini.

Uliponiachia ufunguo, niliona kama umeniachia nafsi yako. Miaka mitatu nimeenda nalo kazini. Kwenye foleni linasita, linaruka, linasita tena. Mlimani linarudi nyuma kabla ya kushika. Fundi alibadilisha klachi, likatulia kidogo, likaanza tena. Walimu wenzangu waliniita dereva wa mbio. Hawakujua kwamba nilifika shuleni nimechoka hata kabla ya kipindi cha kwanza. Sikumwambia mtu. Ningelalamikaje juu ya kitu chako?

Mwezi uliopita nilivuka daraja la Kigongo kumfuata mama Sengerema, nimlete kliniki mjini. Tukiwa tunapanda mlima, gari la mbele likasimama, nami nikasimama. Nilipotaka kuondoka, giya ikagoma kuingia, tukaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu mwanamke alikuwa anavuka na beseni la sato kichwani. Nilikanyaga breki, nikavuta na ya mkono kwa mikono yote miwili. Tulisimama hatua moja kutoka kwake. Beseni lilianguka, yeye hakuguswa. Nikashuka kuokota samaki, nalia, namwomba radhi, mpaka ikawa yeye ndiye ananibembeleza.

Niliporudi ndani, mama akanishika mkono. "Kabula, Masanja tulimzika. Hili ni gari."

Jumamosi nimemkabidhi fundi mmoja anayeyajua magari ya aina hii, sasa ni lake. Nilimweleza kasoro zote, hakushtuka. Alipoondoka aliingiza giya ya pili laini kabisa, kama wewe. Iliniuma, kaka, siwezi kukuficha. Nilisimama barabarani mpaka sauti ikapotea, kisha nikaingia ndani nikalala mchana kutwa, viatu miguuni.

Usidhani nimekutupa. Lala salama, nami uniruhusu nipumzike.

Mdogo wako,
Kabula